Naomba ushauri: Deki ya CD ya marehemu mzee imegoma kabisa, ipi ya bei nafuu naweza kuweka badala yake?

Mtoto wa Ngamiani

Wakuu habari za jioni. Kama nimekosea jukwaa mods nihamishieni.

Nipo Tanga. Nyumbani kuna redio aliyoiacha mzee. Si sabufa hizi za sasa, ni ile ya vipande: amplifaya ya Pioneer, deki ya kanda iliyokufa zamani, deki ya CD ya Sony, na spika mbili kubwa za mbao ambazo paka wamezichana vitambaa vya mbele. Sauti yake lakini, acheni tu. Jirani akipika pilau na sisi tunapiga muziki, tunakuwa tumekula shughuli moja.

Sasa mwezi uliopita umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, halafu ukarudi kwa kishindo. Taa ya barazani ikapasuka. Tangu siku ile deki ya CD inawaka, droo inatoka na kuingia vizuri, ila CD haizunguki. Inafikiria kidogo halafu inaandika NO DISC. Fundi wa kwanza akasema lenzi. Nikatoa hela, lenzi ikaagizwa Dar, akafunga: NO DISC. Fundi wa pili akaniambia lenzi aliyofunga mwenzake ni feki, nilete hela ya nyingine. Hapo nikabeba deki yangu nikarudi nayo nyumbani.

Nimeamua kununua nyingine. Nina laki moja na nusu, nikijibana sana laki na themanini. CD zipo mia mbili na kitu: za mzee ni zilipendwa na rhumba, za mama ni kwaya. Nataka kitu cha kuchomeka kwenye amplifaya hii hii, mama abonyeze, droo itoke, aweke, aendelee na mambo yake. Nitafute ipi?

Flashi Tu

Mkuu, zama hizi bado unahangaika na CD? Hamishia zote kwenye flashi, tafuta kidude cha bluetooth chomeka nyuma ya amplifaya, maisha yaendelee. Hiyo laki na nusu nunua mbuzi.

Mtoto wa Ngamiani

Mkuu nakuelewa, ila mama simu yake ni ya vitufe na hataki nyingine. Halafu CD zake kadhaa ni za kwaya yao wenyewe, walirekodi wakachomewa nakala chache wakagawana. Hazipo mtandaoni wala popote.

Fundi si Kishoka

Mtoto wa Ngamiani, subiri kwanza kabla ya kununua. Lenzi mpya ya Sony inakuja na tone dogo la risasi ya kulehemea limeunganisha vituo viwili pale kwenye kibao chake. Limewekwa makusudi, kuilinda isiuawe na umeme wa mwilini wakati inasafiri na wakati unaishika. Ukishaichomeka kwenye deki lazima ulitoe lile tone kwa pasi ya kulehemea. Fundi asiyejua anaifunga hivyo hivyo, inagoma, anasema lenzi feki. Nimeokota lenzi nzima kabisa kwenye ndoo za mafundi wenzangu kwa sababu ya hilo tone.

Fungua kifuniko, piga picha, tuone. Na uchomoe waya ukutani kwanza. Usichungulie lenzi kwa karibu ikiwa inawaka: mwanga wake uko nje ya macho ya binadamu, hutauona, lakini wenyewe unakuona.

Mtoto wa Ngamiani

Nimefungua. Tone halipo, panaonekana paling'olewa. Kwa hiyo fundi wa kwanza nilimsingizia.

Nimewasha bila kifuniko, nimekaa mbali kama ulivyosema. Lenzi haipandi wala haishuki, mota haitikisiki hata kidogo. Kimya. Droo tu ndiyo hai.

Fundi si Kishoka

Basi huo ni msiba wa bodi. Uwezekano mkubwa kimeenda kichipu kinachoendesha mota na lenzi, na kwa hadithi ya umeme wako sishangai. Inatengenezeka, ila kukipata hicho kichipu kilicho kizima, kukitoa na kukirudisha, hela itakaribia ya deki nyingine ya mtumba. Usiendelee kuitia hela. Ila USIITUPE.

Sasa kuhusu ya kununua. Watu watakuja hapa na majina makubwa makubwa, wewe uliza swali moja tu kwa kila deki utakayoonyeshwa: lenzi yake ni namba gani, na inapatikana? Deki ya CD ya mtumba ni kama pikipiki ya mtumba. Injini itachoka, hilo halina mjadala, swali ni kama spea ipo dukani. Lenzi huwa inapungua nguvu taratibu. Inaanza kukataa CD za kuchoma, halafu inaruka kwenye za orijino, halafu NO DISC. Kuna kiskrubu kidogo pembeni ya lenzi, mafundi wengine wanakizungusha kuongeza mkondo, inasoma tena kwa nguvu, unafurahi, unalipa. Baada ya muda mfupi imekufa moja kwa moja. Ukisikia "nimekaza kidogo" ujue umekopeshwa siku.

Ndiyo maana mimi kwa bajeti yako nakuelekeza kwenye Sony za CDP-XE. Si kwamba zina sauti ya ajabu. Nyingi zinatumia lenzi za familia ya KSS-213, ambazo zilifungwa pia kwenye redio kubwa za kubeba na mashine nyingine chungu nzima, mpaka leo zinauzwa mpya. Nyingine ni nakala za kiwango cha chini, hilo ni kweli, lakini zipo. Na hiyo yako iliyokufa ni aina gani?

Mtoto wa Ngamiani

Mbele imeandikwa CDP-XE na namba zimefutika. Lenzi imeandikwa KSS-213B.

Fundi si Kishoka

Nilijua. Ndiyo maana nikasema usiitupe.

Sikio la Kufa

Fundi heshima yako, lakini kumpeleka mtu mwenye spika za mbao kwenye Sony za bei ya chini ni dhambi. Mkuu tafuta Philips au Marantz ya miaka ya 1980 mwishoni yenye kichipu cha TDA1541, kile kinachogeuza namba za CD kuwa sauti. Lenzi zake hazitembei kwenye reli, zimekaa kwenye mkono unaobembea kama sindano ya santuri. Ukisikia rhumba humo, yale magitaa matatu yanavyopishana, utalia. Au Pioneer za PD-S zile unazoweka CD kichwa chini, kisahani kizima kinakaa juu ya sinia, hakitetemeki.

Fundi si Kishoka

Sikio la Kufa, yote uliyosema kuhusu hizo mashine ni kweli na mimi mwenyewe ninayo Philips moja. Sasa mwambie lenzi ya mkono wa kubembea ikifa anainunua wapi Tanga? Mimi yangu ikifa naiweka kabatini kama picha ya babu.

Na kuhusu sauti, amplifaya yake na spika zake ndizo zinazoamua zaidi. Deki mbili nzima za CD, ukizisawazisha sauti kwa usahihi na ukafumba macho, utapata tabu kuzitofautisha. Zote zinasoma namba zile zile: sauti imepimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo biti 16, tangu Sony na Philips walipoziingiza sokoni mwaka 1982.

Sikio la Kufa

Hapo hatutakubaliana mpaka kiama. Ila kwenye spea umenishika.

Bi wa Kwerekwe

Mwanangu, mie nitakwambia nilivyofanya hapa Unguja. Ya kwangu ilipokufa sikununua deki ya CD, nilichukua deki ya DVD ya mtumba, bei chee, watu wanazitoa majumbani bure kabisa siku hizi. DVD zote zinasoma CD. Nyuma kuna zile tundu nyekundu na nyeupe za sauti, nikachomeka kwenye amplifaya, basi. Mwaka wa nne huu.

Kasoro zake nitazisema. Nyingi hazina kioo cha maana mbele, wimbo namba ngapi hujui mpaka uwashe televisheni. Nyingine ukiweka CD zinakuonyesha menyu kwenye skrini na zinasubiri ubonyeze rimoti, haziimbi zenyewe. Hiyo kwa mama yako itakuwa taabu. Tafuta yenye namba mbele na kitufe cha kuruka wimbo kwenye uso wake, si kwenye rimoti peke yake. Na uisikilize ikiwa inafanya kazi chumba kikiwa kimya, kuna zinazonguruma kama blenda.

Mtoto wa Ngamiani

Ahsante mama. Hii inaweza kuwa mpango wa pili. Swali: nikipata DVD yenye lile tundu la COAXIAL lina faida?

Fundi si Kishoka

Lina faida kama una kifaa kingine cha kugeuza zile namba kuwa sauti, DAC, kati yake na amplifaya. Amplifaya ya mzee wako haina tundu hilo. Ukichomeka moja kwa moja hutasikia muziki. Kwa sasa achana nalo, lakini deki ikiwa nalo, au lile la OPTICAL linalotoa mwanga mwekundu, ni vizuri. Siku upande wa sauti wa deki ukichoka, ule wa kusoma CD unaendelea kutumika.

Mbeba Maboksi

Salaam kutoka Uingereza. Huku hizi deki zinauzwa kwenye maduka ya misaada, yale ya vitu watu walivyotoa sadaka, na kwenye minada ya mtandaoni. Bei ya chakula cha mchana mara mbili tatu. Uzuri wa za huku ni umeme: volti 230, na plagi ni ile ile ya pini tatu bapa mnayotumia nyumbani. Ubaya ni usafiri. Kama una ndugu anajaza pipa au sehemu ya kontena, mwombe aipenyeze katikati ya nguo. Kuituma peke yake kwa ndege utalipa kuliko deki yenyewe.

Mpya zipo. Yamaha CD-S303, Denon DCD-600NE, Marantz CD6007, watu wanazisifu. Lakini hata hiyo ya Yamaha ni zaidi ya paundi 200 ikiwa bado dukani huku. Kwa laki na nusu sahau.

Jambo moja: deki za zamani sana nyingine zina skrubu chini ya tumbo, mara nyingi nyekundu, za kufunga lenzi isicheze safarini. Nilimtumia shemeji moja, akanipigia ananilaumu nimemtumia kopo. Wiki nzima hatusalimiani vizuri. Kumbe skrubu hazijafunguliwa.

Kijana wa Luthuli

Niaje wakuu, huku Nairobi ukishuka Luthuli Avenue ex-UK, zile za mtumba kutoka Uingereza, utazipata. Lakini chunga sana za Japan. Zina sura safi, hazina mkwaruzo, bei iko chini, halafu unageuza nyuma unakuta AC 100V. Mimi sikugeuza nyuma. Nilifika nyumbani nikachomeka kwa ukuta, sisi huku ni 240. Ilifanya "tip", moshi mwembamba ukatoka kwa matundu ya juu kama ubani, na bibi yangu akauliza kama hiyo ndiyo stereo nilikuwa nikimwambia habari zake.

Fundi si Kishoka

Pole ndugu. Ya Japan si lazima uikimbie. Deki ya CD inakula umeme kidogo, wati kumi na kitu hivi, kwa hiyo stepdauni, kile kifaa cha kushusha volti, ndogo tu ya wati 50 inatosha. Na usiogope habari za hezi 50 au 60, CD haizunguki kwa kufuata umeme wa ukutani kama santuri nyingine, ina kristali yake ya kuhesabu muda. Volti ndiyo inayoua. Lakini jumlisha bei ya stepdauni kwenye hesabu, na mwandikie mama kibandiko: HII ISICHOMEKWE UKUTANI.

Mtoto wa Ngamiani

Hapana, hiyo itachomekwa ukutani siku ya kwanza tu.

Ijumaa nakwenda Dar kwa shughuli nyingine, nitapita Kariakoo. Nikiikuta, naipimaje palepale dukani?

Fundi si Kishoka

Nenda na CD zako tatu. Moja orijino safi. Moja ya kuchoma, tena ile ya kwaya ya mama. Moja yenye mikwaruzo unayoijua. Hesabu sekunde tangu droo inafunga mpaka namba za nyimbo zinatokea. Ikichukua muda mrefu, au CD inazunguka inasimama inazunguka tena, lenzi imechoka.

Halafu ruka moja kwa moja mpaka wimbo wa MWISHO. Wauzaji wote wanapiga wa kwanza. CD inasomwa kutoka ndani kwenda nje, na ndani inazunguka kasi, kama mara 500 kwa dakika, ikifika ukingoni imeshuka mpaka kama 200. Ukingoni ndiko kisahani kinakopepea zaidi na lenzi inafanya kazi kubwa. Reli yenye grisi iliyoganda inaumbuka huko huko. Kutoka wa mwisho rudi wa kwanza, tena wa mwisho. Ikikwama, sikia mlio: "trrrr".

Ya kuchoma inarudisha mwanga kidogo kuliko orijino, kwa hiyo ndiyo shahidi wako wa nguvu ya lenzi. Ikisoma ya kwaya bila kusita, sogea kwenye bei.

Halafu kaa hapo. Omba kiti. Acha ipige dakika ishirini, kuna ugonjwa unaojitokeza mashine ikishapata moto. Muuzaji akianza kukuharakisha, hilo nalo ni jibu.

Ukifungua droo isiwe inasitasita. Ikisita usiikimbie, ni mkanda wa raba umelegea, bei yake ni ya soda. Ila mtajie muuzaji kwa uso wa huzuni, apunguze.

Bi wa Kwerekwe

Na hizo CD uzifute kabla hujaenda, mwanangu. Kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje kama miale ya jua, usizungushe kama unayesugua sufuria. Na upande wa maandishi muuchunge zaidi kuliko wa chini, ile rangi ya fedha iko karibu na juu. Mie nilikwangua moja kwa kucha tu, ikawa dirisha.

Fundi si Kishoka

Umesema kweli kabisa Bi Mkubwa. Mkwaruzo unaokata njia ya sauti, kutoka katikati kwenda nje, deki inauvumilia, ina hesabu ndani za kujaza pengo mpaka kama milimita 2 na nusu za njia. Mkwaruzo unaofuata mviringo unakula namba nyingi mfululizo, pale lazima iruke.

Mtoto wa Ngamiani

MREJESHO.

Wakuu nimerudi. Duka la kwanza walinipa mashine nzuri kwa macho, wimbo wa kwanza safi kabisa, muuzaji anatikisa kichwa na mimi natikisa. Nikaruka wa mwisho. "Trrrr." Akaniambia CD yako mbovu. Nikampa orijino. "Trrrr." Akasema deki hizi hazitakiwi kurushwa rushwa, zinataka kusikilizwa kwa utaratibu. Nikamshukuru nikatoka.

La pili walikuwa na Technics, 100V, nikapita. La tatu nikakuta Sony CDP-XE, plagi ya pini tatu, vumbi la kufa mtu, haina rimoti, droo inasitasita. Nikaweka ile ya kwaya. Sekunde nne namba zikatokea. Wimbo wa mwisho ukaingia kama umeitwa. Nikaomba kiti. Dakika ya kumi hivi akaja mama mmoja mnunuzi wa pasi, akasimama anasikiliza, akauliza hiyo ni kwaya ya wapi. Nikamwambia Tanga. Yule muuzaji alianza na laki na thelathini, nikafanya uso wa huzuni kwa ajili ya droo, tumeachana elfu tisini. Mkanda nimenunua palepale jirani.

Sasa tatizo. Nimeifunga nyumbani, sauti inatoka kubwa mno, imechafuka, besi inaunguruma. Nikiweka sauti namba moja tu tayari nyumba inatetemeka. Nimepigwa?

Fundi si Kishoka

Umechomeka kwenye PHONO.

Mtoto wa Ngamiani

...ndiyo. Tundu za CD moja ililegea nikaona hizo za pembeni ziko wazi.

Fundi si Kishoka

PHONO ni ya santuri tu. Inapokea sauti ndogo sana ya sindano, inaikuza, na inaongeza besi kwa makusudi. Deki ya CD inatoa karibu volti mbili, ni kama umempigia kelele mtu sikioni kwa tarumbeta. Hamishia AUX au TAPE, ile deki ya kanda si ilishakufa. Shusha sauti kwanza.

Mtoto wa Ngamiani

AUX. Imekaa sawa. Mama yuko na droo tangu saa kumi, anaifungua na kuifunga.

Flashi Tu

Hongera mkuu. Sasa ile mbovu unaiuza? Nina mtu anataka kopo lake kwa ajili ya kutengenezea amplifaya, anatoa elfu kumi.

Fundi si Kishoka

Usimuuzie. Ina lenzi mpya ndani, haijasoma hata CD moja, na mashine uliyonunua ni ya familia ile ile. Fungua hiyo mpya kwanza, soma namba. Kama ni KSS-213B, ile ya zamani iwekee nailoni uipandishe juu ya kabati.

Mtoto wa Ngamiani

Nimesoma. 213B.

Flashi Tu

Elfu kumi na tano?